Lugha Hufuata Bandari: Mlimbiko wa Uchumi na Historia ya Kiswahili Sanifu



1.0 Utangulizi

Mwanaisimu anapoalikwa kutoa mhadhara wa hadhara juu ya Kiswahili, wasikilizaji hutaraji azungumzie ngeli, vitenzi, au hali ya lugha shuleni. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie bandari, reli na gharama za uchukuzi. Sababu ni kwamba liko swali moja la isimu ambalo, kwa maoni yangu, halijibiki bila mambo hayo. Swali lenyewe ni hili: kwa nini Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja?

Jibu linalosikika mara nyingi darasani ni kwamba Kiunguja kilikuwa lahaja rahisi, safi na iliyoenea. Sifa mbili za kwanza hazina uzito wowote wa kiisimu. Urahisi wa lahaja hutegemea anayejifunza ametoka wapi, na usafi ni hukumu ya kijamii inayovishwa joho la sarufi. Sifa ya tatu ni ya kweli, ila nayo inazaa swali jingine: kilienea kwa nini, na kilianzia wapi kuenea?

Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba Kiunguja kilipanda kwa sababu shughuli za uchumi za pwani na bara zilikuwa zimekusanyika katika mji mmoja. Aidha, nitaonyesha kwamba lugha hufuata mkusanyiko huo kwa kuchelewa, na kuchelewa huku ndiko kunakoleta matatizo ambayo mpaka leo tunayatwika mabegani mwa wanafunzi wetu.

2.0 Istilahi na nadharia

Tuanze na jina. Wanauchumi wanalo neno kwa hali ambayo viwanda, maduka, mabenki na wafanyakazi hujazana mahali pamoja badala ya kutawanyika sawasawa nchini. Katika maandishi ya Kiswahili hali hii huitwa msongamano, mrundikano au mkusanyiko. Msongamano humkumbusha msomaji foleni ya magari. Mrundikano una harufu ya uchafu. Mkusanyiko unaweza kuwa wa watu waliokuja kusikiliza hotuba kisha wakatawanyika, kama tutakavyofanya sisi jioni hii. Mimi napendelea mlimbiko, kutokana na kitenzi limbika, yaani kukusanya kidogo kidogo mpaka kitu kiwe kingi. Anayelimbika maji katika kisima chenye maji haba huacha yajikusanye kabla ya kuteka. Maana hii ya kujiongeza polepole ndiyo hasa tunayoihitaji.

Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alitaja sababu tatu zinazowafanya watu wa kazi moja wakae pamoja. Kwanza, mwenye kazi hupata mafundi kwa urahisi, na fundi hupata ajira kwa urahisi. Pili, wauzaji wa vifaa na huduma za kazi hiyo hujisogeza karibu. Tatu, maarifa husambaa: anachokigundua mmoja asubuhi, jirani yake anakijua jioni. Anayetaka kuyaona haya kwa macho na aende Kariakoo, Dar es Salaam. Atakuta mtaa wenye maduka ya vitambaa yamepangana bega kwa bega, na mtaa mwingine wa simu. Mtu wa nje hujiuliza kwa nini mfanyabiashara ajiweke mlangoni kwa mshindani wake. Jibu ni kwamba mnunuzi kutoka Songea au Lubumbashi huja mahali anapojua atapata vingi vya kulinganisha, naye muuzaji hufuata alipo mnunuzi.

Jambo la pili ni ukubwa wa soko. Mjerumani Walter Christaller, mwaka 1933, aliandika juu ya miji ya kusini mwa Ujerumani akieleza kwamba kila bidhaa huhitaji idadi fulani ya wateja ili muuzaji wake aweze kuishi. Bidhaa za kila siku zitauzwa vijijini. Bidhaa za nadra zitauzwa katika miji mikubwa tu. Kiswahili kinalifahamu jambo hili kwa njia yake. Tunalo neno gulio kwa soko linalokutana siku maalumu, na mnada kwa soko linalohama kutoka kijiji hadi kijiji. Palipo na wateja wachache kiasi kwamba duka la kudumu haliwezi kujiendesha, muuzaji huwakusanya wateja kwa kutumia kalenda. Gulio likikua likawa la kila siku, huacha kuwa gulio. Huitwa soko, na pembeni yake huanza kuota mji.

Jambo la tatu linahitaji uangalifu zaidi, maana linakwenda kinyume na tunavyodhani. Mmarekani Paul Krugman, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2008, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1991 kwamba kupungua kwa gharama za uchukuzi kunaweza kuongeza mlimbiko badala ya kuupunguza. Usafiri ukiwa ghali, kila mkoa hulazimika kujitengenezea sabuni yake na viatu vyake. Usafiri ukiwa rahisi, kiwanda kimoja kilichopo penye soko kubwa kinaweza kulisha mikoa yote, na viwanda vidogo vya mbali vikafa. Kwa hiyo barabara inayojengwa kwenda kwa maskini yaweza pia kuwa barabara ya kumwondoa kijana wake na kumletea bidhaa za wengine. Tutairudia hoja hii tutakapofika kusini mwa Tanzania.

3.0 Kutoka Kilwa hadi Unguja

Pwani yetu ilikuwa na milimbiko mingi kabla ya Unguja. Ulio mashuhuri zaidi ni ule wa Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliukuta mji mkubwa wenye mfalme tajiri, na magofu ya Husuni Kubwa yangali yanashuhudia. Utajiri huo ulitokana na dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe kupitia Sofala. Lakini kwa nini dhahabu ya Sofala itajirishe Kilwa? Sababu ni pepo. Chombo kilichotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kingeweza kufika Kilwa, kikafanya biashara, na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka mmoja. Kwenda kusini zaidi kulikuwa ni kuhatarisha msimu mzima. Hivyo basi, bidhaa za kusini zililetwa Kilwa kwa vyombo vya pwani, na Kilwa ikawa mahali ambapo misimu miwili hupeana mikono. Wareno walipoushambulia mji huo mwaka 1505 na kuiteka njia ya dhahabu, sababu ya mlimbiko ilivunjika.

Pate, Lamu na Mombasa nazo zilikuwa na nyakati zao. Kuanguka kwa Pate kuliacha athari kubwa katika fasihi yetu: utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir umejengwa juu ya tafakuri ya majumba yake yaliyobaki matupu. Sisi huusoma kama utenzi wa dini, na ndivyo ulivyo. Hata hivyo, mwanafunzi wa uchumi anaweza kuusoma pia kama ushahidi wa mji ulioachwa na biashara.

Mlimbiko wa Unguja ulikuwa wa aina yake, kwa kuwa ulisukumwa pia na sera. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, alileta pamoja mambo ambayo awali yalikuwa yametawanyika. Ushuru wa forodha ulikodishwa kwa tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Shivji, na nyumba yake ya biashara. Mikarafuu ilipandwa Unguja na Pemba kwa jasho la watumwa. Mikataba ilifungwa na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839, na konseli wa Marekani akafika mwaka 1837. Muhimu zaidi kwa hoja yetu, biashara ya pembe za ndovu na sandarusi katika Mrima, yaani pwani inayoelekeana na visiwa, ilizuiliwa kwa wageni. Mzungu aliyetaka pembe alipaswa kuinunua Unguja. Kwa maneno mengine, mji ulijengewa ukuta wa sheria kuzunguka faida yake.

Wala tusisahau kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa ni watu. Kilwa, iliyowahi kuuza dhahabu, ilizaliwa upya katika karne ya 19 huko Kilwa Kivinje kama bandari kuu ya kuwasafirisha watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897. Mwanaisimu anayesifu kuenea kwa Kiswahili bila kuligusa jambo hili hajamaliza kazi yake, kwani wengi wa waliojifunza Kiswahili katika mji ule hawakuuchagua mji wala lugha.

4.0 Mji dhidi ya kisiwa

Sasa tuitazame lugha. Tunaposema Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, tunatumia neno moja kuficha jambo kubwa. Katika kisiwa hichohicho cha Unguja kuna Kimakunduchi, kinachosemwa kusini, na katika kisiwa kidogo cha Tumbatu, karibu na ncha ya kaskazini, kuna Kitumbatu. Hizi ni lahaja za wenyeji wa kale wa visiwa hivyo. Safari kutoka Forodhani hadi Makunduchi haifiki kilomita 70. Iwapo sifa ingekuwa ni ukongwe au asili ya lugha, Kimakunduchi kingekuwa na madai yenye nguvu. Kilichochaguliwa ni Kiunguja mjini, lugha ya gati, soko na forodha. Kisiwa hakikuchaguliwa, mji ndio uliochaguliwa.

Lugha hiyo ya mjini ilikuwa tayari imepita katika vinywa vya watu wengi: Wahadimu, Washihiri, Wangazija, Wahindi, Wamanga, Wanyamwezi waliofika na misafara, na watumwa waliotoka sehemu nyingi za bara. Kila mgeni aliyejifunza Kiswahili ili aweze kununua, kuuza au kuishi aliongeza sababu ya mgeni anayefuata kujifunza lugha hiyohiyo. Hapa lugha inafanya kazi kama soko lenyewe. Thamani ya kuijua huongezeka kwa kadiri wanaoijua wanavyoongezeka, na anayebaki nje hulipa gharama kubwa zaidi kila mwaka.

Kutoka mjini, lugha ilifuata mzigo. Njia kuu ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema. Wapagazi walibeba majora ya kitambaa kilichoitwa merikani, kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hususan wale wa mji wa Salem. Jina hili la kitambaa lilifika vijiji ambavyo havikuwa na habari ya nchi iitwayo Marekani. Pamoja nalo zilikwenda doti na kaniki, frasila ya kupimia pembe, pishi na vibaba vya kupimia nafaka. Ninawasihi wanafunzi wa leksikografia wazitazame istilahi za vipimo na vitambaa kama ramani: pale neno lilipofika, mkopo wa tajiri wa Unguja ulikuwa umefika pia.

5.0 Uamuzi wa mwaka 1928

Wamisionari walifuata mlimbiko huohuo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882, ilijengwa hasa juu ya Kimvita. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kiliegemea Kiunguja. Palikuwa, basi, na mapokeo mawili ya kimaandishi, na Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi ambayo Kiunguja hakikuweza kushindana nayo. Jina la Muyaka bin Haji linatosha kwa ushahidi. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Wengi wameandika juu ya ushindani wa wamisionari katika suala hili. Jambo linalonishangaza zaidi mimi ni tarehe. Mwaka 1928 Unguja haikuwa tena kitovu cha biashara ya eneo hili. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kilindini ilikuwa imepata gati za maji marefu katika miaka ya 1920. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, kwa sababu pwani ya Bagamoyo, iliyofaa sana kwa majahazi yanayopwelea mchangani, haikufaa kwa meli za moshi. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, ambayo haiko hata kilomita 80 kutoka hapo, ilibaki na makanisa, misikiti na kumbukumbu. Mzigo wa bara haukuwa na haja tena ya kupitia kisiwani.

Kwa hiyo wajumbe wa mkutano wa Mombasa walikaa katika bandari iliyokuwa inapanda, wakaichagua lugha ya bandari iliyokuwa imeshapita kilele chake. Hawakukosa akili. Njia ya misafara ilikuwa imeshaieneza lahaja hiyo katika Tanganyika nzima, serikali ya Kijerumani ilikuwa imeitumia Kiswahili katika shule na ofisi, na vitabu vilikuwa vimechapishwa. Gharama ya kubadili ilikuwa kubwa kuliko faida. Wanauchumi wanaifahamu hali hii: mahali palipotangulia huendelea kuvuta hata sababu ya kwanza ya kutangulia ikiisha. Lugha, kwa kuwa hukaa katika vitabu na vichwani, hushikilia zaidi kuliko maduka. Duka laweza kuhama kwa mwaka mmoja. Tahajia haihami hata kwa miaka 100.

Kosa lilikuja baadaye, nalo ni la kufundisha uamuzi huu kana kwamba ulikuwa hukumu ya ubora. Mtoto wa Mombasa anayeandika ndia, mato, mtanga na kutinda huwekewa mkwaju wa wino mwekundu, na kuambiwa aandike njia, macho, mchanga na kuchinja. Ni haki kumfundisha sanifu. Ataihitaji katika mtihani na katika kazi. Si haki kumwambia kwamba babu zake walisema vibaya. Nimewahi kusoma insha ya mwanafunzi wa pwani ya kaskazini ambamo maneno ya aina hii yalipigiwa mstari na pembeni pakaandikwa kwamba hayo si Kiswahili. Kwa hakika hayo ni Kiswahili, na baadhi yake yamehifadhi sauti ambazo Kiunguja kilizibadilisha. Kilichompungukia mtoto yule ni bandari, miaka 150 kabla hajazaliwa.

6.0 Mfano wa Katanga

Iwapo hoja yangu ni sahihi, basi palipotokea mlimbiko mwingine, ulio mbali na Unguja, tutaraji kuona Kiswahili kingine kikipata nguvu. Ndivyo ilivyokuwa Katanga. Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani na Waungwana wao, wakiwamo watu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Lugha yao ikaitwa Kingwana. Lakini kilichokipa Kiswahili nguvu Lubumbashi ni shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910, na reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko. Hapakuwa na lugha moja ya wenyeji iliyowatosha wote. Mtafiti Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi utawala na makampuni walivyohusika kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi huko.

Zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, basi, pakawa na mji mkubwa wa Waswahili wasioijua bahari. Husema batu na bintu pale tunaposema watu na vitu, na hawaoni haya. Kwa nini wao hawakunyenyekea kwa Kiunguja kama Mombasa ilivyolazimika? Kwa sababu mishahara yao haikutoka Dar es Salaam wala Nairobi, na mitihani ya watoto wao haikusahihishwa huko. Walikuwa na kitovu chao wenyewe.

7.0 Dar es Salaam na jina la machinga

Nimalizie kwa mlimbiko wa zama zetu. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 kati ya Watanzania 61,741,120, yaani chini kidogo ya asilimia 9. Lakini sehemu yake katika pato la taifa imekuwa takriban asilimia 17. Nairobi, ambayo katika Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 4,397,073 kati ya Wakenya 47,564,296, huchangia zaidi ya robo ya pato la Kenya. Serikali zimejaribu kuutawanya uzito huu. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa Tanzania, wa 1969 hadi 1974, uliteua miji 9 ya kukuzwa ili kupunguza mvuto wa Dar es Salaam. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na utekelezaji wenye kasi ukaanza mwaka 2016. Dodoma imekua kweli, kwani Jiji hilo lilikuwa na watu takriban 765,000 mwaka 2022. Ofisi, hata hivyo, huhama kwa amri. Wauzaji wa Kariakoo hawahami hivyo.

Kusini ndiko kunakotufundisha zaidi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulijenga reli na bandari Mtwara kwa ajili ya mazao ambayo hayakupatikana. Reli hiyo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Kwa miongo mingi Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na katika masika safari ya Lindi ilikuwa ni mtihani. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na barabara ya lami ikafuata. Hakuna mtu wa kusini atakayetamani kurudi kwenye kivuko. Lakini bidhaa za Kariakoo nazo zilipata daraja siku hiyohiyo.

Vijana wa kusini walikuwa wameanza kwenda Dar es Salaam kabla ya daraja. Walitembeza bidhaa mkononi, na watu wa mjini wakawaita wamachinga. Wapo wanaodai kwamba jina hili limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya vijana wanaotembea. Dai hilo linachekesha, na kama etimolojia nyingi za kuchekesha, halina haja ya kuaminiwa. Wamachinga ni kabila la Mkoa wa Lindi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina la watu waliofika kwa wingi likawa jina la kazi waliyoifanya. Ni njia ileile ya merikani, kinyumenyume: wakati ule jina la nchi lilipewa kitambaa kilichoingia, na sasa jina la kabila linapewa umaskini uliotoka.

Tutafakari ni kabila la wapi. Wamachinga ni jirani wa Kilwa, pwani iliyopokea dhahabu ya Sofala wakati mahali panapoitwa leo Dar es Salaam hapakuwa na mji. Pana Kilwa tatu leo, na kila moja ni tabaka la historia ya uchumi: Kisiwani ya dhahabu, Kivinje ya watumwa na pembe, na Masoko, makao ya wilaya, ambayo jina lake linaahidi biashara kubwa kuliko inayoonekana. Lugha ya pwani hiyo, Kimgao, imeandikwa kidogo mno. Msamiati wake wa uvuvi, wa mikoko na wa minazi unafahamika na wazee ambao wajukuu wao wanauza soksi na chaja za simu katika mitaa ya Dar es Salaam, na wanajifunza kusema kama watu wa Dar es Salaam kwa sababu mteja hununua upesi kwa anayesema kama yeye. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada, na wanaonijia ofisini ni wengi, asiende mbali. Achukue basi hadi Nangurukuru, ashuke, aulize majina ya sehemu za mtumbwi, aina za nyavu na hatua za kukomaa kwa nazi, kabla hajaniuliza juu ya nadharia.

Neno lenyewe, machinga, halikubaki mitaani. Limeingia katika magazeti, bungeni na katika nyaraka za serikali. Dar es Salaam ilijengewa jengo la biashara lenye jina hilo. Na Dodoma, mji ambao uliteuliwa kuwa makao makuu ili kuigawia nchi uzito wa Dar es Salaam, limejengwa soko rasmi la wafanyabiashara wadogo. Linaitwa Soko la Machinga, na wengi wa wanaouza humo hawajapata kufika Lindi.